Tundu la Kifaru cha Darajani

Mdogo wangu wa mwisho tunamwita Kioo, kwa sababu gari likipita mikononi mwake unaweza kujitazama mlangoni pake ukachana nywele. Ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, mwaka wa thelathini na nane huu. Haoni bati lililobonyea akanyamaza. Akija kunisalimia, salamu bado ziko mdomoni, macho yameshafika jikoni. Nikimwambia, "We mtoto, kaa unywe chai," ananijibu, "Dada, nitakunywaje chai na sufuria ile inanitazama?" Ataichukua, aigongegonge kwa mpini wa kisu mpaka inyooke.

Tulizaliwa watatu. Kaka yetu mkubwa alikuwa dereva wa kifaru cha vita. Mapigano yalipofika kwetu, kombora lilikitoboa kifaru chake ubavuni, pale uwanja wa darajani. Hakutoka. Vita vikaisha, kifaru kikabaki palepale kinaota kutu, na mkewe, wifi yangu, akawa anakwenda kila mwezi. Halii. Anaingiza mkono kwenye lile tundu mpaka kiwiko, anatulia kidogo, anautoa, anarudi kupika. Mimi nimemsindikiza mara nyingi. Kioo akisikia tunakwenda huko, hapohapo anakumbuka gari la mtu.

Mwaka juzi halmashauri ikataka kifaru kile kiwe ukumbusho. Ofisa akamfuata Kioo gereji: "Fundi, kipendeze. Kinazinduliwa Jumamosi ya wiki ijayo, wageni wakubwa wanakuja." Kioo akazungushia turubai, akajifungia humo siku tisa. Jumatano akatuita, mimi na wifi, tukaone.

Kilikuwa kijani, kinang'aa kama sahani mpya. Ofisa anakizunguka, hajui acheke au apige makofi. "Utasema kimetoka kiwandani jana!"

Wifi alikwenda moja kwa moja ubavuni. Akapapasa. Akarudi hatua moja, akapapasa tena, kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye chumba cha ugenini.

"Shemeji," akamwita Kioo, "tundu liko wapi?"

"Nimeliziba, shemeji! Chuma kwa ndani, nikachomelea, puti ya kulainishia, msasa, rangi mara tatu. Tafuta uone, hulipati!" Bado anachekelea, maskini.

"Basi nifundishe. Watoto wa shule wakiuliza dereva alikufa na nini, tuwajibu nini? Mafua?"

Kioo akaanza kukusanya vifaa vyake.

Tangu saa ile hakutulia. Siku ya Alhamisi tu alikuja kwangu mara nne. Anakaa, anasimama, anakwenda dirishani, anarudi.

"Dada, nilitaka kumtibu."

"Kumtibu nani?"

"Kaka."

Kisha akanitolea lililokuwa linamla. Kabla ya kuziba, alizisawazisha kingo za tundu kwa mashine ya kusagia chuma, kama anavyofanya kwenye kila gari. Alisaga upande mmoja au alizunguka zote? Hakumbuki. Mikono ilikuwa kazini, kichwa hakikuwepo. "Kama nilizunguka zote, dada, nikifungua nitakuta tundu la fundi. La kombora litakuwa limekwisha, na nimelimaliza mimi."

Akaenda kwa ofisa kuomba ruhusa ya kufungua. Ofisa akamuuliza kama amerukwa na akili.

Ijumaa saa nne asubuhi akabeba mashine yake, nami nikamfuata, na wifi akaja nyuma yetu bila kuitwa. Cheche zilikuwa zimeanza kuruka ofisa alipofika mbio, tai begani. Nikasimama katikati.

"Mama, pisha!"

"Baba, mimi nimekuzidi umri na mgongo unaniuma. Sisogei. Utanisukuma?"

Akatazama huku na huku, akatoa simu, akaenda pembeni kubishana nayo.

Rangi ikachanika, puti ikamwagika kama unga, kile kipande cha chuma kikaangukia ndani kwa kishindo. Kioo akazima mashine, akageuza uso.

"Dada, nitazamie."

"Mimi najua chuma? Muulize mwenye tundu lake."

Wifi alikunja mkono wa gauni. Akapitisha vidole kwenye kingo polepole, kuanzia juu.

"Hapa juu ni wewe."

"Ndiyo, shemeji."

Vidole vikashuka. Vikasita. Chini chuma kilikuwa bado kimejikunja kwa ndani, kimeraruka, kikamkwaruza akatoka damu.

"Hapa ni lenyewe." Akaingiza mkono mpaka kiwiko.

Kioo alishusha pumzi, lakini dakika haikupita: "Shemeji, hapo juu naweza kupakunja tena. Nitapapasha moto, nipagonge, pafanane kabisa na chini—"

"Usiguse," alisema wifi, mkono ungali ndani.

Jumamosi ofisa alimpitisha mgeni mkubwa upande wa pili, lakini mgeni alikuwa na macho yake. Akazunguka, akainama.

"Mbona tundu hili juu laini, chini limechanika?"

Ofisa akakohoa. Kioo alikuwa nyuma kabisa, anahamia mguu huu, anahamia ule. Nilimwona anajipenyeza mpaka mbele.

"Chini ni kombora," akasema kwa sauti. "Juu ni mimi, mdogo wake dereva."

Mgeni akangoja amalizie. Hakukuwa na zaidi.