Shikamoo Niliyomdaia Mkunga

Wewe unayenisikiliza huenda ulizaliwa simu zikiwa tayari mifukoni, kwa hiyo nitakwenda polepole, na usione haya kunirudisha nyuma nikikimbia. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa mradi mmoja wa maji, Shinyanga mjini. Ofisi yetu ilikuwa na kompyuta moja iliyounganishwa na waya wa simu. Mchana, wenzangu walipokwenda kula, mimi nilibaki, nikapiga namba, nikasubiri ule mlio kama wa debe linaloburutwa kwenye changarawe, kisha barua pepe zikaanza kuingia.

Zilikuwa barua za kikundi cha mjadala wa siasa nilichokianzisha mwenyewe. Mwanachama aliandika maoni yake akanitumia mimi kwanza. Nikiyasoma na kuridhika, nilibonyeza, yakawafikia wote kwa mara moja. Wengi walikuwa Watanzania waliokuwa wakisoma ng'ambo, na wachache walikuwa Dar es Salaam na Mwanza. Watu wa huku kwetu, ambao kompyuta hawakuwahi kuiona, waliniandikia kwa mkono, wakampa kondakta wa basi bahasha, nami nikawachapia. Majibu niliwarudishia kwenye karatasi. Nakala moja ya kila mjadala ilikwenda Kalangalala, kwa muuza magazeti mmoja aliyeibandika ukutani mwa duka lake ili wachimbaji na wakulima wanaoingia Geita mjini wasome. Jambo hilo lilinipa fahari kubwa.

Nilikuwa na sheria chache, na moja niliipenda kuliko zote: barua isiyoanza kwa salamu haipiti. Vijana wa ng'ambo walinicheka. Mmoja aliniita Bwana Forodha, eti nakagua shikamoo mpakani. Sikujali. Niliamini kwamba watu waliosalimiana hawawezi kutukanana.

Mwaka mmoja tulijadili sungusungu, yaani ulinzi wa jadi wa vijiji vyetu, ule wa kufuatilia ng'ombe walioibwa na kukamata wezi. Swali lilikuwa kama walinzi hao wana haki ya kumwadhibu mtu kwa sababu ya chama chake. Ndipo ikaja bahasha kutoka kijiji kimoja upande wa Nyarugusu. Aliyeandika alikuwa mkunga mstaafu, mama niliyemfahamu tangu tulipochimba kisima kijijini kwao. Alieleza kwamba jirani yake alisimamisha bendera ya chama kingine uani, akatengwa. Kama hukujua kutengwa ni nini, ni hivi: hakuna anayekusalimia, hakuna anayekupa moto wala kukuchotea maji, na atakayefanya hivyo anatozwa ng'ombe. Mwisho wa barua mama aliniomba nisiandike jina lake, wala kijiji, wala kazi yake. "Weka tu, mtu wa Geita."

Nikaweka hivyo.

Jibu la kwanza lilitoka kwa mwanafunzi mmoja aliyekuwa ng'ambo. Alianza kwa salamu nzuri sana, ndefu, ya heshima kwa wanakikundi wote. Kisha akasema huyu mtu wa Geita anaandika kama kijana aliyeamka na gongo kichwani, hajawahi kufuata unyayo wa ng'ombe hata siku moja, na anajificha nyuma ya jina la wilaya kama kuku nyuma ya kinu. Ningeweza kuizuia. Lakini salamu ilikuwapo, nikaipitisha. Wengine wakadakia, wakamcheka kijana mlevi wa Geita kwa siku tatu.

Roho iliniuma. Nilijiambia naumia kwa ajili ya mama. Nikakaa kwenye kompyuta, nikaandika kwa wote: "Huyo mnayemwita kijana amewazalisha akina mama wa kijiji chake kwa miaka thelathini. Mwamkieni kwanza, ndipo mbishane naye."

Wakaamkia. Yule mwanafunzi aliomba radhi, akasema hakujua. Shikamoo ziliingia kutoka nchi ambazo sijafika hadi leo. Nilizichapa zote, nikamtumia mama kama zawadi, na nakala nikaipeleka Kalangalala kama kawaida.

Baada ya wiki kadhaa mama alikuja ofisini mwenyewe, na mfuko wa nguo mkononi. Nilisimama nikamwamkia. Alikaa kwanza, akapanga kanga yake, ndipo akaitikia.

"Mwanangu, nilikuomba nini?"

"Nisitaje jina lako, mama."

"Na nini?"

"Kijiji."

"Na nini tena?"

Nilipanga upya karatasi zilizokuwa mezani. Akaniuliza taratibu, bila hasira, "Ulisahau, au ulitaka wajue kwamba unafahamiana na watu wazima?"

Lilikuwa hilohilo la pili.

Alinisimulia yaliyobaki. Mtu wa kijijini kwao aliisoma karatasi ukutani Kalangalala. Upande ule wakunga waliofanya kazi miaka thelathini hawakuwa wawili. Sungusungu wakamtenga naye. Asubuhi aliwaamkia wanawake kisimani kwa Kisukuma, "mwangaluka," wakainama kwenye ndoo zao. Kisha mkaza mwana wa nyumba ya tatu akashikwa na uchungu, na mama mkwe wake akaogopa kumwita, kwa sababu ya ng'ombe.

"Wamepona wote wawili, Mungu ni mkubwa," alisema. "Lakini mimi nilikuwa ndani, namsikia. Namsikia anavyosukuma kabla ya wakati, na siwezi kwenda."

Nilimwambia nitaandika kusahihisha, niseme nilikosea, kwamba si yeye. Akatikisa kichwa. Akasema nikisahihisha nitawasomesha mara ya pili wale ambao hawakusoma mara ya kwanza. Alikuwa anahamia kwa binti yake aliyeko Ushirombo, kuanza upya mahali ambapo hakuna mtoto hata mmoja aliyepita mikononi mwake. Nilimsindikiza stendi. Mfuko wake hakuniachia niubebe.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo linalonifanya niinamishe uso hata sasa ninapokueleza. Wiki ile ile yule mwanafunzi aliuliza kwenye kikundi, mama hajambo? Wanachama wote walikuwa wakisubiri. Ningeweza kuwaambia kwamba msimamizi wao amevunja ahadi, wao wajifunze na mimi nijiuzulu. Niliandika: "Mama hajambo, anawasalimu nyote." Nikabonyeza.

Kikundi kiliendelea karibu miaka miwili, na watu walinisifu kwa uadilifu.

Kwa hiyo, kama na wewe leo unasimamia kikundi, kidogo au kikubwa, fanya hivi: mtu akikuomba umfiche, andika alichokuomba kwenye karatasi, ibandike mbele ya macho yako, na kabla ya kutuma neno lolote la kumtetea, msomee yeye kwanza.