Vumbi Lililoandikwa Jina la Mama Mkwe

Aibu hii hata mama yangu mzazi sijamwambia, lakini nyinyi nawaambia, mradi mcheke polepole.

Watafiti wa chuo kimoja walinipa kazi ya kukusanya vumbi la barabarani katika mitaa miwili ya jiji letu, Lindi ninakoishi na Kawangware, wajue mpira unaobanduka kwenye tairi ni mwingi kiasi gani na kemikali zake zinaishia wapi (mimi miaka yote nimeona tairi zikibaki kipara na sijawahi kujiuliza ule mpira umekwenda wapi). Penye tuta ndipo magari hufunga breki, basi hapo ndipo nilitumwa. Sasa tuta kubwa la kituo cha Kawangware 46 liko mbele ya kibanda cha mandazi cha Mama Njoki, na huyo Njoki, binti yake, ndiye niliyetaka kumuoa, tena Jumamosi ileile nilikuwa nipeleke wazee kwao kujitambulisha.

Mama Njoki nilishamwambia nafanya kazi ya maabara. Kwa hiyo asubuhi hiyo koti la kung'aa na barua ya chuo nilivyopewa kazini nikaviacha nyumbani, asije akanidhani mfagiaji (uamuzi mdogo tu, wa kijinga), nikavizia akiingia ndani kuchukua unga, nikainama na brashi yangu.

"Wewe kijana, hiyo mchanga ya kwa Mama Njoki unapeleka wapi?" akauliza muuza mboga wa ng'ambo.

Nikasema ni ya kupima. Akaninyang'anya mfuko wa bahasha za vumbi. Mitaa yetu haina anwani, kwa hiyo kila bahasha nilikuwa nimeiandika jina la mwenye kibanda cha karibu, naye akaanza kuzisoma kwa sauti: "Baba Shiru Kinyozi. Pasta. Mama Njoki." Akafika ya mwisho. "Hata mimi niko." Mtu anayechota mchanga wa mlangoni mwako na kuuandika jina lako, kila mtu anajua anaupeleka kwa mganga. Watu wakajaa, kinyozi akaja na mteja aliyenyolewa nusu, na Mama Njoki akatoka, unga mikononi.

"Shikuku, unaniroga?"

Nilitamani kulia. Nikamtolea kioo cha kukuzia, nikamwomba aangalie vumbi mwenyewe. Akaangalia kwa muda mrefu.

"Hizi nyeusi kama mavi ya panya ni nini?"

"Ni tairi, Mama."

Akatazama barabara, kisha beseni lake la mandazi lililo wazi. "Na inaingianga huku?"

Nikakubali. Kinyozi akaomba kioo, mteja wake akafuata, foleni ikapangwa na uchawi ukasahauliwa, ila nilipomuaga Mama Njoki aligeuka akaingia ndani.

Jumamosi tulipopita kibandani na wazee, tulikuta mandazi yamefunikwa. Nyumbani kwake, kabla wazee wangu hawajafungua mdomo, Mama Njoki aliniwekea bahasha mapajani: ndani vumbi jeusi la dirishani mwake, nje ameandika SHIKUKU.

"Kapime. Ukijua inafanya nini kwa kifua, urudi uniambie. Hapo ndio tutaongea mambo ya Njoki."

Siku hizi koti silivui, na bahasha naandika namba tu. Majibu ya chuo hayajatoka, na Njoki bado yuko kwao.