Bitana za Lori Lililoanguka

Sina faida yoyote ya kukudanganya. Mimi ni mzee wa kanisa, nimeshika usukani miaka mingi, na kabla ya siku hiyo nilikuwa nawacheka madereva wenzangu waliokuwa wakikutana na mizimu kila kona. Dereva akilewa akagonga ng'ombe, kesho yake utaambiwa yule ng'ombe alikuwa mtu. Kwa hiyo ninapokuambia kwamba jambo hili lilinipata mimi, tena mchana, tena sijaonja hata kikombe kimoja cha pombe, lichukue kama lilivyo. Usipoamini sitagombana nawe. Mke wangu mwenyewe alichukua muda.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, Tunduma ikiwa bado ni maduka machache na vumbi la mpakani. Nilikuwa naendesha boksibodi, lile gari dogo lenye bodi la mbao nyuma, la mfanyabiashara mmoja wa pale, ambaye tulimwita Tajiri, kama madereva wanavyowaita wenye magari wote. Gari lile halikupumzika ila Jumapili. Leo chumvi na sabuni kwenda Vwawa, kesho kuchukua kahawa Isansa, keshokutwa kupanda milima ya Ileje mpaka Itumba. Gari la kazi za kila siku hula breki, na siku moja likaanza kupiga kelele za chuma kwa chuma.

Ninyi wa siku hizi mna breki pedi, mnaingia dukani mnachagua iliyomo kwenye boksi. Sisi tulikuwa na bitana, vile vipande vigumu vinavyopigiliwa kwa ribiti juu ya viatu vya breki, ndivyo vinavyobana gurudumu kwa ndani gari likasimama. Nililipeleka gari kwa Simfukwe, fundi aliyejifunza kazi kwenye migodi ya Kopabelti na kurudi na maneno ya Kibemba mdomoni. Akafungua magurudumu, akanionyesha: bitana zimekwisha, ribiti ndizo zilikuwa zinasugua.

Akaniambia nina njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza mpya Mbeya na kuzisubiri, labda wiki, labda zaidi. Ya pili ni kuchukua alizokuwa nazo ndani, zilizotoka kwenye lori lililoanguka, azikate ziingie kwenye gari langu.

"Lori lilikufa, mukwai, lakini breki zake hazikufa," alisema. "Tazama unene huu."

Nilizitazama. Zilikuwa nene kweli, na zinang'aa kama meza iliyopigwa vanishi. Sikuuliza ni lori gani. Malori yalikuwa yanaanguka kila masika, na kwangu chuma kilikuwa chuma. Zaidi ya hapo, sikuwa na wiki ya kusubiri. Mke wangu Sekela alikuwa amekwenda kwao Itumba kujifungua mtoto wetu wa kwanza, na baba mkwe alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba Alhamisi hiyo nikawachukue mama na mtoto. Siku iliyotajwa na wakwe utaihamisha kwa sababu ya breki? Utasema nini? Nikamwambia Simfukwe afunge zile zile. Tukalijaribu gari barabarani hapo hapo Tunduma, nikakanyaga, likasimama vizuri kabisa.

Sasa kabla sijaendelea, kuna jambo la wakwe lazima ulielewe. Kwa desturi ya kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani. Mkikutana njiani, mmoja anageuka. Akiwa ndani ya nyumba, wewe unakaa nje. Akitaka kukuambia neno, anamwambia mtu mwingine wewe ukisikia, na kama hakuna mtu, anakiambia kitu chochote kilicho karibu, mbuzi, chungu, hata jembe. Huo si ugomvi, ni heshima. Nilikuwa nimemwoa Sekela karibu miaka miwili na sikuwa naujua uso wa mama yake. Nilichokijua ni sauti yake kutoka nyuma ya ukuta, na blanketi jekundu lenye mistari myeusi nililompelekea wakati wa kuposa.

Alhamisi nikapakia chumvi ya Tajiri, nikala chakula cha mchana, nikaondoka. Kutoka Mpemba barabara inapanda, inapanda tena, halafu kabla ya kufika Itumba inashuka mteremko mrefu mpaka mtoni, wenye kona kali katikati. Upande mmoja ni ukuta wa udongo, upande wa pili hakuna kitu. Nilipofika juu, ukungu ulikuwa umeshuka kama kawaida ya huko. Kando ya barabara nikamwona mwanamke amesimama, amenipa mgongo, amejifunika blanketi kichwani. Blanketi jekundu, mistari myeusi. Miguuni pake tenga lenye kuku.

Ungefikiri nini? Nilifikiri mama mkwe alikuwa ametoka gulioni Mpemba, akasikia gari, akageuka kwa heshima. Nikasimama, nikashuka, nikaenda mbele ya boneti nikatazama mlima. Nikasema kwa sauti, bila kumtaja mtu, kwamba gari hili linakwenda Itumba na nyuma juu ya magunia kuna nafasi. Nikasikia bodi ikilia, kuku akalalamika kidogo. Nikarudi kwenye usukani. Na kile kioo cha kutazamia nyuma nikakigeuza kikatazama paa, nisije nikamwona kwa bahati mbaya.

Tukaanza kushuka. Nilikuwa kwenye gia ya tatu, mguu juu ya breki, kama tulivyozoea wote. Boksibodi lile lilikuwa na kidirisha kisicho na kioo nyuma ya kichwa changu, kwa hiyo aliposema nilimsikia vizuri. Sauti ilikuwa ya mama mkwe, au niseme ya ukoo ule.

"Kuku," alisema, "breki hizi nazijua. Zililia hivi hivi siku ile."

Mimi sikuwa nasikia mlio wowote. Niliposikiliza ndipo nikausikia, mwembamba, wa juu, na harufu ya kuungua ikaingia ndani. Nikajiambia ni bitana ngeni, zitazoea. Nikashangaa kidogo kwamba mama mkwe anazijua breki, lakini utamuulizaje mtu usiyeruhusiwa kusema naye?

"Kuku, mwambie dereva aingize gia ya kwanza sasa hivi. Yule mwingine alingoja mpaka kona."

Niamini, angekuwa abiria mwingine yeyote ningemjibu kwamba gari naliendesha mimi. Lakini mkwe akikuambia ukate mkono, unauliza upi. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote gari likapungua mwendo, nikaingiza ya pili, kisha ya kwanza, giaboksi ikipiga kelele kama inavunjika. Gari likawa linatambaa. Tukafika kwenye kona. Hapo nikakanyaga tena breki, na pedeli ilikuwa ngumu kama jiwe, lakini gari halikupungua mwendo hata kidogo. Kama si ile gia ya kwanza iliyokuwa inalishika, tungepita moja kwa moja. Niliogopa, sitakuficha. Nikalisukumia ubavu kwenye ukuta wa udongo, likakwaruza, likakwaruza, likasimama. Moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu.

Nikashuka. Nikauelekea mlima, nikasema, "Kuku, muulize mama kama hakuumia."

Nikasubiri. Nikasema tena. Nikafikiri labda amezimia, na hapo nikawa na shida ambayo wewe wa leo huwezi kuielewa: kumgeukia ni aibu, kutomgeukia ni kumwacha afe. Nikawa nimesimama hivyo hivyo, nimelipa gari mgongo, namsemesha kuku, mpaka wakaja wanaume wanaotoka mashambani. Wakaniuliza nazungumza na nani. Nikawaambia mkwe wangu yuko nyuma, tafadhali mtazameni nyinyi. Wakachungulia.

"Hapa kuna kuku tu," mmoja wao akasema.

Wakatafuta chini ya barabara, wakaita, wakarudi. Nikaliacha gari pale, nikabeba lile tenga, nikaenda kwa miguu mpaka kwa wakwe, nikiwa na wazo moja tu, kwamba nimemuua mama yake Sekela.

Baba mkwe alinipokea uani, akanipa kigoda. Kabla hata ya salamu kwisha nikamuuliza kama mama amefika salama. Akaniuliza amefika kutoka wapi, maana tangu mtoto azaliwe hajatoka hapo nyumbani. Wakati huo huo nikaisikia sauti yake ndani, akimbembeleza mjukuu. Nikaliweka lile tenga chini, nimefurahi na nimeogopa kwa pamoja. Nikamweleza baba mkwe yote: mteremko, breki, kuku, blanketi jekundu lenye mistari. Ndani, kubembeleza kukakoma.

Baadaye Sekela akatoka mlangoni na mtoto mkononi, uso wake si ule niliouzoea. "Mama anasema nikuambie," akasema. "Lile blanketi hana tena. Masika yaliyopita alimfunika nalo mdogo wake, wakamzika nalo."

Mama mdogo yule nilijua habari zake. Alikufa kwenye lori lililoanguka kwenye kona ile ile, yeye na wengine, siku ambazo mimi nilikuwa nimepelekwa Mbeya na gari la Tajiri, sikuwahi mazishi. La blanketi sikuambiwa, na mimi ningeuliziaje zawadi niliyompa mkwe?

Sekela na mtoto hawakuondoka siku hiyo. Walibaki kwao, mimi nikaondoka kesho yake kurudi Tunduma kwa miguu, na nilipofika nikaenda moja kwa moja kwa Simfukwe. Nikamuuliza zile bitana zilitoka lori gani. Akanitajia bila kusita lori lile lile lililomuua mama mdogo. Hakuona sababu ya kuficha. Tulipokwenda kuzifungua pale kwenye kona alinieleza jambo ambalo wote wawili tungelijua tangu mwanzo kama tungetazama vizuri. Bitana ikishaungua mara moja, uso wake unakuwa kama kioo. Unene unabaki, mng'ao unapendeza, ikiwa baridi inashika vizuri, lakini ikipata moto tena inateleza tu. Ule mng'ao nilioupenda ulikuwa ndio moto wa siku ile ya kwanza. Tukasubiri mpya za Mbeya. Baba mkwe akataja siku nyingine bila kulalamika, na siku hiyo nikaushuka ule mteremko nikiwa gia ya kwanza tangu juu mpaka chini, nikarudi na mke wangu na mwanangu kiti cha mbele.

Yule kuku, kama unataka kujua, alipewa Sekela kama kuku wa mzazi, lakini hakuna aliyemchinja. Alizeeka kwetu Tunduma, akataga mayai ya kawaida, akafa kama kuku wengine.

Watu huniuliza kama nimewahi kuona mzimu. Nawajibu hapana, na sisemi uongo, maana sikumtazama. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sijui alikuwa na uso gani, sijui kama alikuwa na hasira au huruma. Kila ninapokwenda Itumba napita kaburini kwake. Nafika, nalipa kaburi mgongo kwa sababu naye ni mkwe, nautazama mlima, namshukuru kwamba mwanangu alikua akiwa na baba. Huwa nazungumza na chochote kilicho karibu.

Wewe je? Fundi akikuletea breki iliyotoka kwenye gari jingine, usipime unene peke yake. Muulize gari lenyewe liko wapi, na waliokuwemo wako wapi. Akibabaika, subiri mpya hata kama wakwe wamekwisha kutaja siku. Mimi nilitumiwa mtu wa kunionya. Usitegemee kwamba wewe utatumiwa.