Mvua Ikinyesha Masara

Mvua ikinyesha Masara mimi hukosa raha. Wakulima wa Migori huishukuru, na mimi ni binti wa mkulima, najua mahindi yakipata maji nyumba nzima hutulia. Lakini tangu niajiriwe katika chumba cha dharura cha hospitali hii, mvua kubwa hunifanya niwahi kazini bila hata kunywa chai, nikague mitungi ya oksijeni mmoja mmoja. Wauguzi hunicheka, eti daktari anaiombea nchi ukame. Wacheke tu.

Nilianzia kazi Homa Bay. Kule mvua na upepo vilituletea watu waliozama ziwani, na mtu aliyezama hana siri: amelowa, midomo imemgeuka rangi, hata mlinzi wa getini anajua kilichompata. Hawa wa machimbo ya dhahabu huja wakiwa na rangi nzuri, mashavu yameiva kama ya mtu aliyetoka kuoga maji moto. Ndiyo sababu nawaogopa.

Shimo likijaa maji, pampu iliyowekwa juu haiwezi kuyavuta kutoka kina kile. Basi wachimbaji huifunga kamba, wakaiteremsha na injini yake na petroli yake, wakaiwasha hukohuko chini. Si wajinga. Wanajua moshi ni mbaya, husubiri utoke ndipo washuke. Moshi unaoonekana hutoka kweli. Unaobaki ni ule usio na rangi wala harufu, na huo hausubiri mtu akohoe. Humlegeza magoti, akaketi kidogo apumzike, akalala.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Pikapu iliingia ikipiga honi, nyuma imebeba wanaume wawili wenye matope mwili mzima. Mmoja alikuwa hajitambui, na kifua chake kilikuwa kimelowa maziwa. Watu wanaamini maziwa husafisha gesi, kwa hiyo walikuwa wamemnywesha mtu asiyeweza kumeza. Nilikasirika hadi nikasahau kusalimu. Yangeingia mapafuni, tungekuwa na vifo viwili ndani ya mtu mmoja.

Wa pili alikuwa akitembea, japo anayumba. Ndiye aliyenieleza. Waliokuwa chini walikuwa wawili: huyu asiyejitambua, na mdogo wake yeye mwenyewe. Walipoacha kujibu, alishuka kumfuata mdogo wake. Gizani mikono yake ilimgusa mtu, akamfunga kamba, akapiga kelele wavute, naye akapanda nyuma yake. Walipofika kwenye mwanga akaona ametoa mtu mwingine.

"Nikataka kurudi, miguu ikakataa," alisema. "Wakanitupa kwa pikapu."

Tuliwabana wote wawili vidoleni kwa ile mashine ndogo ya kupimia oksijeni. Ikasoma tisini na tisa kwa asiyejitambua. Ikasoma tisini na tisa kwa kaka mtu. Daktari mwanafunzi akafurahi, "Wako sawa!" Nikamwambia awawekee oksijeni ya nguvu yote na asiiangalie tena hiyo mashine. Huona damu imebeba kitu, ikadhani ni oksijeni. Kipimo cha damu kinachoweza kuutambua moshi ule hatuna. Nimekiomba kwa maandishi na kwa mdomo, na kila mwaka hujibiwa kwamba kimezingatiwa.

Mikutano ya sera ya huduma za dharura nimehudhuria mingi, yenye maji ya chupa na mandazi. Tunachora mishale: mgonjwa anafika, anapokelewa, anahudumiwa, anapewa rufaa. Siku moja nikauliza ni nani humtoa mtu shimoni. Afya ni ya kaunti, wakasema. Madini ni ya serikali kuu. Shimo lenyewe halina leseni, kwa hiyo kwa macho ya ofisi halipo. Tukaendelea na mshale uliofuata. Sera yetu yote huanzia getini kwangu, na watu wangu hufia nje ya geti.

Kaka mtu alikuwa amekaa kitandani, barakoa ya oksijeni ameishusha kidevuni.

"Irudishe usoni, owadwa, ndugu yetu," nilimwambia. "Kaa hapa mpaka jioni."

"Mashine imesema niko sawa, daktari. Nimeskia huyu kijana akisema."

"Inadanganya."

Akanitazama kwa heshima, bila kuamini neno hata moja. Kwa nini aniamini? Mashine hiyohiyo ndiyo tunayowaonyesha akina mama kila siku, tukiwaambia watoto wamepona, wawabebe waende nyumbani.

"Kichwa kinakuuma?"

"Kidogo tu. Mimi siwezi wacha yeye huko chini, daktari. Hata kama ni mwili. Kwetu mtu halali kwa shimo ya watu. Nikirudi peke yangu nitasema nini?"

Nilimwambia ukweli, kwamba mdogo wake ameshakaa mno mle ndani, na kwamba akirudi atalala kando yake. Aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa, daktari." Nikajua si sawa. Nilipiga simu kituo cha polisi, nikapiga kwa zimamoto. Gari lilikuwa limetumwa kwingine, na barakoa za kushukia shimoni hazikuwepo. Wakati huo yule mwingine akaanza kutapika yale maziwa, nikakimbilia kwake kumsafisha koo. Nilipogeuka, kitanda cha kaka mtu kilikuwa na matope tu.

Nilipata namba yake kwa wahudumu wa mapokezi. Simu iliita sana ndipo akapokea mtu mwingine, anapaza sauti kuishinda kelele ya injini.

"Simu ameniachia, daktari. Ameshuka."

"Hiyo kelele ni ya nini?"

"Pampu. Maji ilikuwa imejaa tena."

"Mmeiweka wapi?"

"Chini. Iko na yeye."

"Mvuteni! Mvuteni juu sasa hivi!"

"Kamba ni nyepesi, daktari. Nafikiri ameifungua kiunoni ndio afunge mdogo wake. Tunamwita hajibu."

"Basi izimeni hiyo pampu!"

"Tukizima, maji itamfunika."

Nilisimama na simu sikioni. Hatimaye nikasikia sauti yangu ikisema, "Asishuke mtu mwingine."

Injini iliendelea kunguruma.

"Mama yao amefika hapa," alisema. "Anauliza daktari amesema nini."