Mapazia ya Bi Dosia

Zamani meli zilitia nanga nje ya ghuba zikatungoja sisi wenye mashua, na siku hizi sisi ndio tunaosimama nje ya uzio wa waya kuzingoja.

Nilipiga kasia hapa Anse Morne miaka thelathini na minne. Kila nilipowashusha watalii gatini, mtu wa kwanza waliyemwona alikuwa Theodosia Alexis, Bi Dosia, ameketi juu ya jiwe kando ya pete ya chuma ya kufungia kamba, sinia la kungumanga magotini. Kabla yake jiwe hilo lilikuwa la mama yake. Kisha likajengwa gati jipya lenye lango, na amri ikatoka kwamba wa kupita ni mwenye kadi ya abiria peke yake. Wauzaji wakapewa vibanda nyuma ya soko la samaki, mahali ambapo mtalii hafiki hata akipotea. Wengine walikwenda. Bi Dosia alilipandisha sinia juu ya kabati, akaapa kwamba atalikalia tena jiwe lake kabla hajafa.

Mwaka juzi binti yake aliyeko Toronto akataka kuwakatia tiketi Bi Dosia na mjukuu wake Kerisha, wakale Krismasi kwenye theluji. Kerisha alikuwa na miaka kumi na mitano, hajamwona mama yake tangu akiwa na tisa. Alifunga begi siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwapo barazani Bi Dosia alipopiga simu.

"Theluji itatungoja, tutakuja baada ya sikukuu. Kwanza tukatie tiketi ya ile meli inayoanzia kule Bridgetown, inayofika hapa siku ya Krismasi."

"Mama! Upande meli uje nyumbani? Si uko nyumbani?"

"Siko. Niko nyuma ya uzio."

Kerisha alinuna wiki nzima. "Bibi, wenzetu wanapanda meli waende mbali. Sisi tunapanda turudi tulikotoka! Darasa zima linanicheka."

"Waache wacheke. Meno ni yao."

Mimi nilimwambia wazi kwamba anawanenepesha wale wale waliomfukuza. Akanitazama juu mpaka chini. "Hollis, umesoma kila kitabu cha maktaba ya parokia. Kipo hata kimoja kilichokuvusha lile lango?"



Kwetu Krismasi haiingii katika nyumba yenye mapazia ya zamani. Siku moja kabla, kila mwanamke huyashusha na kutundika mapya. Hawa wa leo wanaacha yale yale miaka mitatu, kisha wanashangaa kwa nini nyumba haina baraka. Bi Dosia alishona mapazia ya maua mekundu kwa ajili ya chumba chao melini. Ndani ya upindo akazishonea kungumanga, kama mama yake alivyofanya, ili kitambaa kining'inie sawa na chumba kinukie. Hakujua, na nani angemwambia, kwamba chumba chao kilikuwa katikati ya meli. Hakikuwa na dirisha.

Siku ya Krismasi, baada ya misa, nilisimama kwenye waya pamoja na nusu ya mji. Abiria walishuka na kaptula zao. Mwisho akashuka Bi Dosia, kofia ya kanisani kichwani, mapazia yamekunjwa kwapani. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe lake, akaketi. Kerisha alijificha ndani ya kofia ya sweta, wenzake wa shule wasimwone, akanijia mimi pale uzioni.

"Babu Hollis, alipapasa ukuta wote kama anatafuta swichi ya taa. Nikamwambia, Bibi, dirisha hakuna. Akasema, 'Dirisha ni shida yao, Krismasi ni yangu.' Akayatundika ukutani! Mtu wa usafi akayashusha, bibi akayarudisha. Mara tatu!"

"Na wewe ulifanya nini?"

Akainamisha kichwa. "Mara ya tatu nilimshikia kiti."

Wakati huo Bi Dosia alikuwa ametandika mapazia juu ya jiwe, anafumua upindo kwa mkasi mdogo wa kucha, kungumanga zinadondoka moja moja. Watalii wakaanza kusimama, wakinusa. Mlinzi akaja mbio.

"Bi Dosia, hapa hapauzwi kitu."

"Curlan mwana wa Ismay, nani anauza? Nafumua pazia langu, na kinachodondoka nagawa."

"Inuka, tafadhali. Bosi anatazama."

Kerisha aliniacha katikati ya neno. Akavua ile kofia mbele ya darasa lake zima, akainua kadi mbili. "Hii yangu, hii ya bibi. Soma, unionyeshe palipoandikwa abiria asikae."

"Kerisha, utanifukuzisha kazi."

"Basi geuka utazame bahari. Hutakuwa umeona kitu."

Curlan akageuka, Mungu amlipe. Kerisha akajibana juu ya jiwe kando ya bibi yake, akapaza ule wito ambao gati hilo halijausikia tangu lango lijengwe: "Kungumanga! Basibasi! Nani bado hajanusa?"

Sisi wazee wa mashua tukaitikia kutoka nyuma ya waya, kama zamani: "Leta huku!"

Walikaa mpaka honi ilipolia, na upindo ukabaki mtupu.

Meli iliwarudisha Bridgetown, na kutoka huko waliruka kwa ndege kwenda Toronto kama ilivyoahidiwa, na hawajarudi. Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa jioni ile, meli ikitoka ghubani. Bi Dosia alikuwa nyuma kabisa, anafunga mapazia kwenye ukingo wa meli, maua mekundu yakipepea juu ya maji. Mtu wa meli mwenye sare nyeupe alikuja kuyafungua. Nikamwona Kerisha akisimama katikati yao, mikono kiunoni, hasogei.