Majibu Mazuri ya Serikali

Jumatatu moja katikati ya Aprili, masika yakiwa yameshika, nilimpoteza dada yangu. Alikuwa mkubwa wangu, na mama yetu alipofariki ndiye aliyenilea. Nyoka alimuuma shambani kwake, kwenye miwa, upande wetu wa Ruhembe, akiwa anapalilia. Alikuwa amevaa buti za mpira. Nyoka alimuuma kiganjani, alipoinama kung'oa nyasi zilizobaki kwenye shina la muwa. Nataja buti kwa sababu zimekuja kuzungumzwa na watu ambao hawakuwahi kumwona.

Kijijini tuna zahanati. Iko kando ya barabara ya vumbi, ambayo masika inakuwa barabara ya tope, na ukitoka shambani lazima uipite. Tuliipita. Hakuna aliyesema tusimame. Kwetu hata mtoto anajua kwamba ukiumwa na nyoka zahanati unaipita, maana dawa ya sumu ya nyoka haipo na haijawahi kuwepo. Mnapanda pikipiki, dereva mbele, mgonjwa katikati, ndugu nyuma akimshikilia, mnakwenda hospitali, Mikumi. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma. Tulianguka mara moja kwenye tope, tukainuka. Kabla hatujaipata lami aliniambia macho yake yanafunga yenyewe. Baada ya hapo nikawa nazungumza peke yangu. Mikumi walitupokea haraka, wakamlaza kitandani, wakampima, kisha daktari akanigeukia na kunipa pole.

Siku ya tatu ya matanga alikuja mbunge, mama wa viti maalumu. Alileta mchele na sukari, akakaa mkekani na akina mama, akafuta machozi. Sina sababu ya kusema machozi yale hayakuwa ya kweli. Kisha akauliza nani alikuwa na marehemu, nikaitwa.

"Pole sana, kaka yangu. Hebu nieleze ilivyokuwa, nikaisemee bungeni."

Nikamweleza. Alikuwa anaandika. Tulipofika kwenye zahanati akauliza, "Mlipofika pale mkaambiwa dawa hakuna?"

"Hapana, Mheshimiwa. Hatukusimama."

Akaacha kuandika. "Hamkusimama?"

"Dawa haipo. Tusimame tufanye nini?"

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Akanisogelea. "Sema mlisimama," akaninong'oneza. "Ukisema mlisimama swali linapata nguvu."

"Hatukusimama," nikasema, kwa sauti ya kusikika.

Mheshimiwa aliniambia hakuna neno, atauliza kwa ujumla. Ataiuliza Serikali ni lini italeta dawa ya nyoka kwenye zahanati yetu, na kwenye zahanati nyingine za maeneo ya miwa. Nilimshukuru, na shukrani ile ilitoka moyoni. Dada alikuwa hawezi kurudi, lakini shamba lilikuwa bado lipo na magugu yalikuwa yanaota. Shemeji yangu, mume wake, ndiye angeendelea kulipalilia, na watu wengine wote kwenye mashamba yao. Dawa ikikaa pale zahanati, hakuna atakayekuwa na haja ya kubebwa kwenye tope mpaka Mikumi. Hilo tu ndilo nililolitaka, na bado nalitaka.

Bunge la bajeti lilikuwa linakaribia mwisho mwenyekiti wetu wa kitongoji alipopata ujumbe kwamba swali letu litajibiwa kesho yake asubuhi. Tukaenda Kidodi, kwenye mgahawa wa mama mmoja mwenye televisheni kubwa. Shemeji hakuja. Alisema atasikia tukirudi. Msimu wa kuvuna ulikuwa umeanza, malori ya miwa yanapita nje, na kila lori likipita hatumsikii waziri, tunamwona midomo tu.

Tulisikiliza maswali ya watu wengine kwanza. Barabara ya kwingine, maji ya kwingine, mabweni ya kwingine. Kila aliyejibu alianza kwa kusema Serikali inatambua umuhimu wa jambo hilo, na kila aliyemaliza alimaliza kwa kusema kadiri fedha zitakavyopatikana. Nilianza kuyajua majibu kabla hayajatoka, kama mtu anayemfuata imamu au padri.

Kisha likaja letu. Naibu Waziri akasimama na karatasi yake. Alisema dawa ya sumu ya nyoka ipo kwenye hospitali za ngazi ya wilaya, nayo hushushwa ngazi za chini kulingana na mahitaji. Alisema kwa zahanati iliyotajwa, taarifa zinaonesha kwamba kwa mwaka mzima hakupokelewa mgonjwa hata mmoja aliyeumwa na nyoka. Alisema Serikali inaendelea kuwaelimisha wakulima wa miwa wavae buti, na wawahi vituo vya afya badala ya kukimbilia kwa waganga wa jadi.

Watu wote mgahawani wakanigeukia. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Mheshimiwa wetu akainuka. "Nashukuru kwa kuniona. Pamoja na majibu mazuri ya Serikali, nina maswali mawili madogo ya nyongeza."

"Majibu mazuri!" Fundi baiskeli mmoja aliyekuwa nyuma yangu alipiga meza. "Mama, ongeza sauti, labda yale mazuri yalipita na lori."

"Ndiyo lugha ya mle ndani," alisema mwalimu mmoja mstaafu. "Hata ukijibiwa hovyo unashukuru kwanza."

"Sasa mimi nikamwambie mke wangu, pamoja na chakula kizuri, nina maombi mawili madogo ya chumvi. Mnadhani nitalala ndani?"

Walicheka. Na mimi nilicheka kidogo, nadhani kwa hasira. Kwa kucheka kule tulilikosa swali la kwanza la nyongeza. La pili tulilipata: je, Naibu Waziri yuko tayari kufuatana naye mpaka kwa wananchi wale, ajionee mwenyewe? Naibu Waziri akasema yuko tayari kabisa, baada ya Bunge, tena akampongeza kwa namna anavyowapigania wananchi wake. Wenzao wakapiga meza. Swali lililofuata lilikuwa la uwanja wa mpira.

"Yuko tayari," mwenyekiti akaniambia tulipokuwa tunatoka, kama mtu aliyeshinda kesi. "Umesikia? Tayari kabisa."

Mpaka ninapoandika haya Naibu Waziri hajafika. Sisemi hatafika.

Lakini kilichonikereketa hakikuwa kutofika kwake. Habari ya buti niliweza kuimeza, maana watu wengi kwetu kweli hawavai. Habari ya waganga wa jadi niliimeza kwa shida. Iliyonikwama ni ile ya kwamba hakuna mgonjwa hata mmoja. Nilihesabu kichwani walioumwa na nyoka mwaka ule, niliowajua mimi tu, na vidole vya mkono mmoja havikunitosha. Nani alikuwa amempa Naibu Waziri maneno yale? Nikaamua kwenda Kilosa, wilayani, kuuliza.

Nililala kwa mpwa wangu, Magomeni ya hapo hapo Kilosa, na asubuhi nikaenda kwenye ofisi zinazohusika na mambo ya afya. Nilizungushwa milango kadhaa, lakini kwa heshima, na mwishoni nikakaa mbele ya kijana mmoja aliyevaa vizuri. Alinyanyuka kidogo kwenye kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nilimweleza. Hakunifukuza wala hakuniambia nirudi kesho. Aligeukia kompyuta yake, akatafuta, akanionesha kwa kidole. "Ni kweli, mzee. Zahanati yenu, nyoka, sifuri. Mwaka jana sifuri. Mwaka juzi sifuri."

"Wanaumwa kila mwaka."

"Wanatibiwa wapi?"

"Mikumi. Wengine huku kwenu Kilosa."

"Basi wanahesabiwa Mikumi na huku. Ndiyo maana dawa inapelekwa Mikumi na huku." Aliniambia kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Sisi tunaagiza kwa kufuata wagonjwa. Zahanati isiyo na mgonjwa wa nyoka, nikiiwekea dawa itaharibika rafuni, halafu nitaulizwa mimi."

"Lakini wanaipita kwa sababu dawa haipo."

"Na dawa haipo kwa sababu wanaipita."

"Kwa hiyo mtu aumwe, aende pale ambapo anajua dawa haipo, aandikwe kwamba ameikosa, halafu ndiyo dawa ije?"

Alifikiri. "Mzee, ukilisema hivyo linasikika vibaya."

"Nilisemeje ili lisikike vizuri?"

Nadhani hata yeye lilimkera. Alinisindikiza mpaka mlangoni.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza. Wizara iliulizwa ikauliza mkoa, mkoa ukauliza wilaya, wilaya ikaangalia zahanati, na zahanati ikasema ukweli: hatujamwona mtu. Hakuna aliyedanganya. Sisi wenyewe, kwa ujanja wetu wa kuwahi Mikumi, ndio tuliokuwa tunampelekea waziri jibu lake. Dada yangu hakuandikwa popote kama mgonjwa. Zahanati tuliipita, na Mikumi hakufika akiwa hai. Ningependa kuwa na mtu wa kumgombeza, na sikumpata.

Nilipeleka maneno yale kwenye mkutano wa kijiji. Sijazoea kusema mbele ya watu, elimu yangu ni ya darasa la saba, lakini nilisimama nikayasema yote kama kijana wa Kilosa alivyoniambia. Mwenyekiti wa kitongoji akapendekeza kwamba kuanzia siku ile, anayeumwa na nyoka apitishwe kwanza zahanati, aandikwe, ndipo aendelee.

"Na akifia pale kwenye benchi?" aliuliza mama mmoja.

"Ataandikwa vizuri zaidi," alijibu mtu, na mkutano mzima ukaangua kicheko.

"Cheka tu. Siku akiumwa wa kwako tutaona kama utasimama."

Zilipopigwa kura, mikono mingi ilinyooka. Wangu ulikuwemo.

Haukupita muda mrefu. Shemeji alikuwa anapalilia machipukizi ya miwa baada ya mavuno, nyoka aina ya kifutu akamuuma juu kidogo ya kifundo cha mguu. Hakuvaa buti. Naliandika hilo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, hata kama linamfurahisha Naibu Waziri. Buti zake zilikuwa zimepasuka, na za dada zilikuwa zinamtosha lakini hakutaka kuzivaa.

Nilikuwa shamba la jirani. Tulimpandisha pikipiki, mimi nyuma, kama siku ile ya dada. Mguu ulikuwa unavimba tukiuona. Tulipokaribia zahanati dereva akapunguza mwendo.

"Mzee, tunaingia? Si mlikubaliana mkutanoni?"

Pale nje palikuwa na akina mama wengi na watoto wao, ilikuwa siku ya chanjo. Mwenyekiti naye alikuwepo kwa shughuli zake. Alituona, akaelewa, akaja mbio barabarani akipunga mkono.

"Ingieni aandikwe! Dakika moja tu! Mmoja tu tukimpata tumeshinda!"

 Shemeji aligeuza shingo akanitazama. Tangu msiba sikuwahi kumwona akinitazama vile, kama anayeuliza sasa huyu anataka kunifanya nini.

"Nyoosha," nikamwambia dereva. "Mikumi."

Mwenyekiti alipiga kelele nyuma yetu. Sikugeuka. Barabara ilikuwa kavu na dereva alikimbia kweli kweli. Mikumi dawa ilikuwepo, wakamtundikia, akalazwa, na baada ya siku nyingi akatoka akiwa hai, na mguu wenye kidonda kibaya pale alipoumwa. Walimwambia kiwe kinaoshwa karibu na nyumbani. Kwenye hesabu za Kilosa ameingia upande wa Mikumi, na zahanati yetu imebaki na sifuri yake. Mwenyekiti alikaa wiki nzima hanisalimii. Siku aliponisalimia alisema, "Umetuharibia," nikamwambia, "Najua."

Nikaona kuna njia moja bado imebaki. Nikamsindikiza shemeji zahanati kwenda kuoshwa kidonda. Nesi alinipa shikamoo, akamkalisha shemeji, akafungua bandeji. Ana mkono mwepesi yule binti, hakumuumiza. Alipomaliza akavuta daftari la wagonjwa.

"Utamwandika ameumwa na nyoka?" nikamuuliza.

"Angekuja na nyoka ningemwandika nyoka, baba. Leo amekuja na kidonda."

"Kidonda cha nyoka."

"Mimi naandika nilichotibu. Nikiandika nyoka wataniuliza nilimpa dawa gani, nami dawa sina."

"Ndiyo hiyo tunayoitafuta!"

"Shemeji," akasema shemeji yangu, huku anavuta suruali kufunika bandeji, "mwache nesi afanye kazi. Watu wanasubiri."

Benchi lilikuwa limejaa. Nesi aliandika kidonda, akamwambia arudi Alhamisi, akaita anayefuata.