Mkamwana Wangu Amebeba Kosa la Kidole Changu

Mhariri, ninakushukuru kwa kukubali kulificha jina langu. Majina ya jamaa zangu nimeyabadilisha mwenyewe.

Nina umri wa miaka hamsini na sita, ni Msukuma wa Tinde, nina mke na watoto. Nilikuwa fundi katika kiwanda cha kuchambua pamba, na kilipofungwa nikaajiriwa kukagua mitambo katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Kahama. Sasa tunaishi Nyasubi, mjini Kahama. Kazini vijana huniogopa kidogo, kwa sababu sivumilii uzembe wala sentensi isiyokamilika. Ndiyo maana aibu hii imenielemea zaidi.

Awali tulikagua kwa karatasi na kalamu. Mwaka jana mgodi ukaleta kompyuta ndogo za kushika mkononi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Ukifika kwenye mtambo, kifaa hukuuliza swali moja baada ya jingine: mafuta yapo? Mkanda umekazwa? Kinga imefungwa vizuri? Ukibonyeza kwamba ni nzima, kinaendelea. Ukibonyeza kwamba ni mbovu, hakisogei mpaka uandike, herufi kwa herufi, ubovu wenyewe ni upi. Jioni majibu yetu huhamishiwa kwenye kompyuta kubwa ya ofisini, na zamu inayofuata huyasoma humo kabla ya kuwasha chochote.

Aliyepewa kazi ya kutufundisha ni karani wa kompyuta, Mama Pendo, mke wa mwanangu Shija, wanaoishi nasi ua mmoja. Kwetu sisi, baba mkwe na mkamwana hawakai bega kwa bega wala hawashikani mikono. Yeye hunisalimu kwa mbali akiwa amepiga magoti, nami huitikia nikitazama pembeni. Kifaa kile kilifundishwa kwa watu wawili kukiinamia pamoja, vichwa vikikaribiana. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema kwamba nimekwisha kuelewa kwa kutazama wenzangu.

"Babu, bonyeza tu, haking'ati!" alisema Mapunda, fundi wa zamu, na chumba kizima kikacheka.

Mama Pendo hakucheka. Jioni ile alimtuma mke wangu kwangu.

"Baba Shija, mkweo anasema uende ofisini wenzako wakishatoka. Atakuwekea kifaa mezani, yeye atasimama mlangoni akuelekeze kwa mdomo. Heshima yenu haitaguswa."

"Mwambie nilishika spana kabla baba yake hajaoa," nilimjibu.

Mke wangu alinitazama, akaondoka na sahani zake.

Nikabuni njia yangu. Kila swali nilibonyeza nzima, kwa kuwa kuandika kwenye kifaa kile sikuweza. Nilipoona ubovu nilimwendea Mapunda nikamweleza kwa mdomo, naye akatengeneza. Hakuna mtambo ulioharibika kwa sababu yangu, na nilianza kuamini kwamba kifaa kile ni mapambo ya wakubwa.

Ikafika siku nikakuta kinga, kile kifuniko cha chuma cha mkanda wa kupandishia mawe, imelegea. Nikabonyeza nzima kama kawaida, nikamfuata Mapunda.

"Usiruhusu mkanda ule uwashwe kabla hujaikaza kinga."

"Nimekusikia, Babu. Namalizia pampu hii kwanza."

Kabla hajaimaliza aliletewa habari kwamba mwanawe amezidiwa hospitalini. Akaomba ruhusa, akaondoka mbio. Zamu iliyoingia ikasoma kompyuta, ikaona nzima, ikauwasha mkanda. Kinga ikang'oka, na mwenzetu mmoja, mtu wa Kigoma, akasagwa vidole vya mkono wa kushoto.

Tuliitwa mbele ya meneja. Mapunda alisimama akanitetea kwa moyo wake wote.

"Mzee aliniambia. Mimi ndiye niliyeondoka. Lakini nilijua kompyuta itawaambia wenzangu."

"Kama mzee aliuona ubovu," meneja akauliza, "mbona kompyuta inasema nzima?"

Macho yote yakamgeukia Mama Pendo, kwa sababu yeye ndiye anayehamisha majibu yetu. Alikuwa akijua. Kwa miezi mingi alikuwa ameyaona majibu yangu, nzima, nzima, nzima, bila mbovu hata moja. Nilingoja aseme. Sijui kama nilitamani aseme au anyamaze. Akainamisha kichwa.

"Huenda nilikosea wakati wa kuhamisha."

Mdomo wangu, ambao nilikuwa nikiuamini kuliko kifaa, haukutoa neno.

Amesimamishwa kazi. Wiki ijayo wataamua kama watamfukuza. Jana nikiwa mezani nilimsikia Shija akimfokea uani: "Umemtia baba aibu! Mtu aliyekagua mitambo maisha yake yote, wewe unamharibia jina kwa uzembe!"

"Nisamehe, Baba Pendo," alijibu.

Niliyasikia yote, nikaendelea kumeza ugali.

Mke wangu, ambaye sikuwahi kumweleza lolote, alisema polepole, "Baba Shija, mtoto wa watu anaungua, na maji unayo wewe."

Ndugu wasomaji, kufukuzwa kazi sikuogopi tena. Ninaogopa uso wa mwanangu atakapojua alimfokea nani kwa kosa la nani. Tena ninahofu kwamba nikisema kweli, meneja atamwadhibu Mama Pendo kwa kusema uongo, uongo alioutunga ili kunisitiri mimi. Hata kumwomba radhi sijui njia yake, maana sijawahi kuzungumza naye peke yetu tangu aolewe. Je, nianze kwa nani: kwa meneja, kwa mwanangu, au kwake yeye? Mlio na wakwe, na mlio wakwe za watu, niambieni la kufanya kabla wiki hii haijaisha.